Wati Mia Moja Darini

Mtaani walimwita Kipimo, kwa kuwa hakufunga taa bila kupima. Marehemu baba yake, fundi umeme, aliwaachia yeye na kaka yake karakana moja na desturi moja: pawa saplai, kile kiboksi kinachoshusha umeme ufae taa, hakifungwi bila utepe wa karatasi wenye hesabu yake. Kaka alirithi jina la fundi. Kipimo alirithi kubeba ngazi.

Saluni ya msusi ndiyo kazi ya kwanza aliyoachiwa peke yake.

"Taa zikiwaka vizuri siku ya ufunguzi," kaka aliahidi, "nitakuita fundi mbele za watu."

Mikanda ya taa ilizunguka vioo mita kumi, kila mita ikila wati kumi na nne. Mia na arobaini. Akaongeza moja ya tano yake, mtambo wa kushusha umeme upate kupumua, akachagua wa wati mia mbili, saizi iliyofuata dukani. Akaandika utepe, akabandika.

Siku ya ufunguzi taa ziliwaka robo saa, zikapepesa, zikazimika. Zikawaka, zikazimika tena.

"We msusi, usije ukanisuka sikio!" mteja alipiga kelele. Wageni wakaangua kicheko.

Kipimo akapanda ngazi, akapenyeza mkono darini. Kiboksi kikamchoma vidole. Kilikuwa kidogo, cha wati mia moja. Juu yake utepe wake, mwandiko wake.

Akashuka. "Kaka, umebadilisha?"

"Dude lako halikuingia nilipofunga dari jana," kaka alinong'ona. "Na volti si zilezile, kumi na mbili? Ningejuaje?"

"Ungesoma utepe uliouhamisha."

Msusi akasogea. "Vipi, kosa la nani?"

Kaka alitazama sakafu, kisha akacheka. "Dada yangu bado anajifunza. Tumvumilie."

Kipimo akamgeukia mama yao, aliyeketi karibu na kusikia yote. Mama akatikisa kichwa taratibu: usimwaibishe kaka yako.

Kipimo akatoa mtambo mkubwa mkobani mwa kaka, akauweka juu ya kabati penye hewa, akaunganisha. Vioo vikajaa mwanga, na mwanga ukatulia.

"Asante sana, fundi!" msusi alisema, akimpa kaka mkono.

Kaka aliupokea.

Kipimo akakunja ngazi kwa vidole vyenye malengelenge. Mtambo ule aliuacha bila utepe.

"Taratibu na hiyo ngazi," kaka alisema mlangoni. "Usikwaruze ukuta wa watu."