Mizunguko Mitatu ya Tabaga

Juzi nilimtazama jirani yangu akipanda ngazi za nyumba yake. Baridi yabisi ilikuwa imemfungia ndani miaka mingi, hadi madaktari walipombadilishia magoti yote mawili. Alipofika juu alicheka kama msichana. Mimi nilibaki chini, nikasikia harufu ya mafuta ya simsim.

Nilipokuwa mtoto, kwa mafuta hayo mama alimchua haboba, bibi yangu, katika chumba chetu cha Arua. Magoti yake yalikuwa yamevimba, na vidole vimepinda vyote upande mmoja. Mchana ule wa vita mji mzima ulikuwa ukikimbilia Kongo, na lori la kwenda Vurra, mpakani, lilikuwa likinguruma mlangoni. Mjomba alijaribu kumwinua. Haboba akapiga yowe, akang'ang'ania kitanda.

"Wacha mimi," alisema. "Iko tabaga ya kumaliza. Nikimaliza, nakuja."

Tabaga ni lile sinia la kusuka ambalo kwetu hufunika chakula cha wageni. Niliitazama: ilibaki mizunguko mitatu tu. Nilifurahi. Nikamwekea sindano na ukili mapajani, nikamwambia asichelewe. Mama alikuwa analia, nami sikuelewa analilia nini.

Njia nzima niligeuka nyuma, nikimtazamia.

Vidole vile havikuwa vimeshika sindano tangu nipate akili. Haboba alikuwa akinitajia rangi tu. Tabaga ile yote niliisuka mimi.