Kiti Kilichosingiziwa Sigara

Juma lililopita nilikuwa dukani hapa Kisii nikingoja kupimiwa sukari, mzee mmoja wa kanisa la Sabato alipoegemea kaunta kumnong'oneza mwenye duka. Alinong'ona kama wazee wanavyonong'ona, yaani sote tulisikia.

"Nimenunua kiti cha mito kwa Mzungu aliyehama. Kinanuka sigara, na Sabato hii mchungaji anakula kwangu. Atanifikiriaje?"

Mwenye duka, Mwislamu mpole, akapapasa ndevu. "Kinyunyizie magadi ya unga, mzee, kisha ukipigepige kwa fimbo. Weka makaa yaliyozimika chini yake, kikae juani siku tatu."

Mke wa mzee alikuwa mlangoni na kikapu cha ndizi. Hakuinua sauti.

"Baba watoto, hayo yote nimekwisha kuyafanya. Kiti kiko uani tangu Jumapili. Nimekiinamia nikakinusa, hakina kitu. Nyumba ndiyo bado inanuka."

 Mkono wa mzee ukashuka polepole, ukafunika mfuko wa koti lake.

Mwenye duka akavuta mizani bila kucheka. "Basi mzee, haya magadi nikupimie ya kiti au ya koti?"

"Ya koti," akajibu mke.

Wasomaji wangu, mimi sina ugomvi na Mzungu anayevuta sigara. Lakini siku anapohama huwa ana mizigo mingi ya kubeba. Tusimwongezee na yetu.