Nyuma ya Pakiti

Mwalimu wa lishe hatazami picha ya tunda. Vidole vyake vyenye chaki huigeuza pakiti kwanza, vikatulia penye maandishi madogo. "Msilinganishe biskuti moja na pakiti nzima! Gramu mia kwa gramu mia!" huwakemea wanafunzi, nami nafagia veranda ya darasa lake nikisonya. Zamani chakula kilifungwa kwa gazeti, na humo ndimo nilimojifunzia kusoma. Jana aliiona juisi niliyomnunulia mke wangu, mgonjwa wa kisukari. "Ni matunda matupu hayo," nikamwambia. Akaigeuza. "Babu, hebu nisomee hapa." Nikasoma kwa sauti kiasi cha sukari kilichomo, darasa zima likisikiliza. Hakunicheka. Alianza kuchota sukari kiasi hicho hicho kutoka koponi, kijiko baada ya kijiko, akiimwaga kwenye sahani. Cha sita nikamshika mkono. "Basi, mwanangu. Nimeshasoma."