Dawa Iliyotiwa Chachu

Shemeji yangu ni mwoka mikate, na mtaani humwita Tanuri. Kwa miaka mingi alisimama mbele ya mdomo wa tanuri saa kumi kwa siku, moto ukimpiga kiunoni. Tanuri lenyewe nilimuuzia mimi, maana kazi yangu ni kununua mashine zilizochoka na kuziuza zikiwa zimepumzika. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nasimulia ya mbali.

Miaka sita alikuwa amemuoa dada yangu, na nyumba haikuwa imesikia kilio cha mtoto. Mama yake Tanuri, anayeishi nao, hakuwa na shaka kasoro ni ya nani. Alimwita dada "shamba la mawe" mbele ya wageni, na dada akanyamaza, ingawa jibu lilikuwa kwenye droo ya chumbani: karatasi ya hospitali iliyosema mbegu za mume ni chache, na hata hizo chache ni vivu. Tanuri alikuwa amemwomba asiseme. "Nipe muda, mke wangu." Muda ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Ubaya ni kwamba mtumiaji alikuwa yeye na mlipaji alikuwa dada.

Siku mama mkwe aliposema mwisho wa mwezi anamrudisha dada kwetu ili mwanawe aoe anayezaa, nilikwenda. Sikwenda kulia.

"Mama, nipe miezi mitatu. Ikipita hujaona dalili, nakuja kumchukua mwenyewe, na mdomo wangu nitaufunga."

"Miwili."

"Mitatu, mama."

"Miwili na nusu."

"Mama yangu, tangu lini mimba ikawa na nusu?"

Akacheka bila kutaka, na mtu akishacheka amekwisha kuuza. Nikapata mitatu. Sikuitaja kwa kubahatisha; daktari wa hospitali alikuwa amemweleza Tanuri kwamba mbegu za mwanamume huchukua karibu miezi mitatu kuiva, ndipo kipimo kirudiwe.

Tanuri mwenyewe alichagua dawa za Kichina, kwa sababu moja tu: duka lilikuwa upande wa pili wa mji, kusikokuwa na anayekula mkate wake. Nikaenda naye. Mwenye duka, mzee wa Kichina ambaye wateja humwita Mzee Mizizi, alikaa mbele ya ukuta wa vidroo vidogo hadi darini. Akamtazama Tanuri ulimi, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akasoma karatasi ya hospitali mara mbili.

"Kazi gani?"

"Naoka mikate."

"Moto unapiga hapa?" Akajigusa chini ya kitovu.

"Kutwa."

"Basi nusu ya ugonjwa unaupika mwenyewe."

Nikamwuliza kama anatuhakikishia mtoto. Akanitazama kama ninavyowatazama mimi wanaotaka mashine mpya kwa bei ya kuukuu.

"Mimi nauza dawa. Mtoto siuzi. Anayeuza mtoto atakudanganya."

Hapo ndipo nilipoona tunaweza kuongea naye. Akapima magome, mizizi na vitunda vyekundu vilivyonyauka, akafunga mifuko. Masharti: mfuko mmoja kila siku, uchemshwe kwenye chungu cha udongo, anywe asubuhi na jioni, kinachobaki amwage. Suruali zisibane. Asisimame mbele ya tanuri. Na kipimo cha pili akifanye hospitali, si dukani kwake.

Tanuri akatii yote, dawa akiichemsha usiku mama yake akishalala. Akamweka mtu mwingine kwenye tanuri, yeye akahamia meza ya kukandia. Akanunua suruali pana hata wateja wakamwuliza kama ameanza kushona mahema.

Neno moja tu lilimshinda: amwage.

Mwoka mikate hamwagi cha jana. Kila jioni hubakiza donge la unga uliochachuka, na hilo ndilo linaloumua mkate wa kesho. Bila hilo, kesho anauza matofali. Kwa hiyo kila siku alibakiza kikombe cha dawa kwenye chupa, akakichanganya na cha siku iliyofuata, akanywa mchanganyiko huo, akaificha chupa jikoni nyuma ya gunia. Kadiri ilivyotoa povu ndivyo alivyofurahi. Kwa hesabu yake, dawa ilikuwa inakua.

Wiki ya kumi na moja akaanguka. Alitapika na kuhara siku mbili, midomo ikawa ya kijivu. Mama yake akapekua jiko kutafuta alichokula mwanawe, akaikuta chupa: nyeusi, inachemka bila moto, inanuka kama zizi.

"Limbwata!" akapiga kelele. "Kumbe ndicho kinachomfunga mwanangu!"

Nilipofika mchana ule, chupa ilikuwa mezani, mashangazi wawili wameitwa, na sanduku la dada liko mlangoni. Tanuri ameegemezwa mto kwenye kiti, macho sakafuni. Dada amesimama. Nilikuwa nimemwahidi Tanuri kwamba siri ile haitatoka kinywani mwangu.

"Sema ulimwekea nini," mama akasema.

"Muulize mwenye chupa," dada akajibu.

Wote wakamgeukia Tanuri. Kitambaa kilichofunika chupa kikavimba taratibu kama shavu la mtu anayezuia kicheko. Yeye akazidi kuitazama sakafu. Nikajua tusipomsukuma, atamwacha mkewe aondoke kwa aibu yake yeye.

"Mama," nikasema, "kama ni uchawi wake, basi aunywe yeye mbele yetu. Akikataa, nabeba sanduku sasa hivi."

"Aunywe!" mama akadaka.

Dada alinitazama mara moja tu. Tumelelewa pamoja, hakuhitaji maelezo. Akaondoa kitambaa, akainua chupa, akaisogeza mdomoni. Mimi mwenyewe sikujua angeishia wapi. Ukingo wa chupa ukagusa mdomo wake wa chini.

"Usinywe!" Tanuri akasimama, akayumba. "Utakufa! Ni yangu."

"Yako ya nini?" mama akauliza.

"Dawa. Ya Mchina. Mbegu zangu ndizo chache, mama. Hospitali walisema zamani. Yeye hana kasoro."

"Na hili povu?"

"Nilikuwa naiumua."

Shangazi mmoja akaziba mdomo kwa khanga. Mama akabaki wima, mkono bado umenyooka kuelekea chupa. Dada hakuishusha.

"Rudia," akamwambia mumewe. "Shangazi mkubwa ana sikio zito, hakusikia."

"Mke wangu..."

"Rudia."

Akarudia kwa sauti iliyofika dirishani. Ndipo dada akaenda uani, akaimwaga chupa yote kwenye mtaro, akarudi, akatia bega lake chini ya kwapa la Tanuri. "Twende hospitali, umekaukiwa na maji."

Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya mlango. Dada hakumwomba apishe. Alimngoja tu, mume akimlemea, mpaka mama mwenyewe akainama, akalivuta sanduku likarudi ndani, na njia ikapatikana.