Amri Niliyosahau Kuifunga

Kwa jina la Mola Mwenye kurehemu, nawasalimu nyote kwa heshima.

Tangu asubuhi moyo wangu haujatulia.

Redio ya mawasiliano iliyoko mlimani ilizimika wakati muuguzi wa zahanati ya Kenyamonta akiniomba gari la kumchukua mama mwenye uchungu wa kujifungua.

Mimi huiongoza redio hiyo kwa kompyuta, nikiwa Morotonga.

Nikaandika amri ya kuiwasha. Kimya.

Nikarudia. Kimya!

Binti yangu akachungulia. "Baba, hujaweka alama ya kufunga amri. Mashine inakusubiri umalize."

Nikaiweka.

Muuguzi akarudi hewani: "Shikamoo, Mzee! Ulilala? Gari!"

Gari limekwenda. Bado nasubiri habari. Mwombeeni mama yule.

Nami ndiye ninayewakemea watoto wa madrasa wasiofunga dua!

Mola azihifadhi nyumba zenu.

Amin. Hii sikuisahau.