Mbuzi Waliokula Wakipiga Magoti

Nakumbuka msimu mmoja wa mvua, mwanangu, nilipokuwa bibi harusi wa mwaka wa kwanza hapa Silibwet. Mume wangu alikuwa Kericho akifyeka msitu ili chai ipandwe, nami niliachiwa mbuzi watano wa baba mkwe. Asubuhi moja niliwakuta watatu wakila nyasi huku wamepiga magoti ya mbele, kama watu walio kanisani. Nilisimama nikawatazama. Sikujua nicheke au niogope.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, basi nikauliza. Jirani wa juu akasema wamekosa chumvi. Nikawapa. Jirani wa chini akasema nyasi za bondeni zina baridi. Nikawapandisha mlimani, wakachechemea njia nzima. Wa tatu akaninong'oneza kwamba boma limeingiliwa na jicho baya, nami nikakaa siku mbili nikiwachunguza wapita njia. Kila nilipobadili shauri nilizidi kuchanganyikiwa. Mbuzi mmoja aliyekuwa ananyonyesha akashindwa kusimama, maziwa yakakauka, na mtoto wake akafia mikononi mwangu.

Ndipo akaja Kogo Tapkigen, nyanya ya mume wangu, mwanamke wa maneno machache. Aliketi pale pale kwenye tope la boma, akaukunja mguu wa yule mbuzi, akapitisha kidole katikati ya kwato, kisha akakinusa.

"Umeuliza watu wangapi?"

"Watatu, kogo."

"Na mguu umeuinua mara ngapi?"

Sikuwa nimeuinua hata mara moja. Hata leo sielewi kwa nini sikuinama.

Tulikata kidogo kidogo ukwato uliooza, tukikoma kabla ya damu. Tukaosha, tukatia maji ya mrututu, ile dawa ya buluu ya dukani, tukawahamishia penye ardhi kavu. Wakapona, ila yule mbuzi aliyefiwa na mtoto alichechemea hadi mwisho wake. Baba mkwe hakuniuliza neno. Hilo liliniuma kuliko kukemewa.

Mwanangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mbuzi akichechemea, inua mguu kwanza, ndipo utafute mshauri. Punguza kwato kabla hazijajikunja, wala usiwalaze kwenye tope. Na siku mambo yakikuchanganya, hata yasiyo ya mbuzi, shika panapouma kwa mkono wako mwenyewe.

Mungu akupe boma kavu, mifugo yenye miguu mizima, na moyo usioona haya kuinama.