Mwezi wa Barafu Uliofunika Kakao

Diploma yangu ya maabara niliitafuta mwenyewe, mchana nikibeba saruji, jioni nikisoma. Sikusomeshwa na mjomba. Nimerudi nayo kijijini kwetu Bujonde, na naitaja kwa sababu hapa hakuna mwingine atakayeitaja.

Niliiahidi shule ya msingi niliyosoma kitu ambacho hakijawahi kuletwa huku: picha iliyopigwa na chombo cha anga kilipopita karibu na mmoja wa miezi ya Mshtarii, ile sayari kubwa kuliko zote. Mwezi mzima ni barafu nyeupe iliyochanwachanwa na mistari ya kahawia, na wataalamu wanaamini chini yake kuna bahari. Niliichapisha Mbeya kwenye bango la plastiki. Nikalifunga kwa kamba nje ya darasa, siku moja kabla ya wanafunzi kuonyeshwa, nikaenda Kyela mjini kunyoa.

Mvua ikashuka kutoka milimani. Kwetu wingu likitokea na kakao iko juani, chochote kipana ni cha kakao, na apitaye hufunika bila kuuliza ni ya nani. Nimekua hivyo. Lakini shangazi yangu alifungua bango langu akafunika kakao ya jirani, mbichi, imetoka kuvundikwa kwenye majani ya mgomba, inachuruzika. Na upande wa picha aliulaza chini, ukagusa kakao.

"Ugonile, mwanangu," akanisalimu niliporudi. "Turubai lako halivuji. Ndaga fijo, asante sana."

"Shangazi, hilo si turubai. Ni mwezi."

"Basi mwezi hauvuji."

Jirani akacheka mpaka akakaa chini. Nikamgeukia shangazi.

"Kesho watoto wanakuja kuutazama."

"Watautazama. Ulikuwa mweupe mno, kama wodi."

Nilisugua kwa sabuni mpaka jua likazama. Utomvu wa kakao haukutoka.

Kesho yake nilisimama mbele ya wanafunzi, mimi mwenye diploma, nikionyesha kwa kidole: huu ni ufa wa barafu, hii ni kakao, huu ufa, hii kakao. Wakauliza kama na huko juu wanavundika. Shangazi alikaa mbele yao, akiitikia kwa kichwa kana kwamba chombo alikirusha yeye. Hakuniomba radhi, na mimi sijamsamehe.

Wingu likatokea tena. Nikamwona shangazi anaziangalia kamba. Nikashika kona ya bango kwa mikono miwili asilifungue, na somo likaishia hapo.